Kumfundisha mtoto Kiingereza: masikio na miguu kwanza, kalamu ije mwisho

Kila Jumamosi asubuhi kibaraza changu hapa Tanga hujaa watoto, siku nyingine wanane, siku nyingine kumi na wawili. Wana umri wa miaka 6 hadi 10, na wanasoma shule za msingi za serikali, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza ni somo moja tu kwenye ratiba. Wazazi wanawaleta kwa sababu wanayoijua wote: mtoto akifika kidato cha kwanza, jiografia, biolojia na hesabu vyote vinageuka Kiingereza, na yule aliyekuwa akiongoza darasani anaanza kukaa nyuma kimya.

Nami nilipita huko. Nilipokuwa darasa la nne nilivikwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili wakati wa mapumziko. Ulikaa nacho mpaka umnase mwenzako naye akiteleza, umvike. Kibao kile kilinifundisha kunyamaza na kunyatia maongezi ya wenzangu. Kiingereza chenyewe nilikipata miaka mingi baadaye, nilipokaa na watu waliohitaji nifanye kitu: nipokee mzigo, niulize njia, nipatane bei. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ninaloliamini hadi leo, na ndilo limebeba mwongozo huu wote: mtoto akipewa kazi ya kufanya kwa lugha, lugha inamwingia, akipewa lugha tupu aikariri, anaitapika siku ya mtihani na inaishia hapo.

Mifano yangu ni ya Kiingereza kwa kuwa ndicho ninachofundisha. Anayefundisha Kiarabu, Kifaransa au Kichina atafuata hatua hizi hizi na kubadilisha maneno.

Hatua ya 1: Tenga dakika 15 za kila siku

Dakika 15 za kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi. Nasema hivyo nikiwa mimi ndiye mwenye darasa la Jumamosi, na ndiyo maana hakuna mtoto anayeondoka kwangu bila mchezo wa kwenda kuucheza nyumbani na mtu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Aliona kwamba kilichosomwa hupotea kwa kasi mwanzoni kabisa, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunafanya kitu kikae kuliko kurudia kwa mkupuo. Kwa hiyo maneno ya Jumatatu yarudi Jumanne, yarudi Alhamisi, yarudi tena Jumatatu ijayo. Maneno mapya matano kwa siku yanatosha.

Chagua wakati ambao mko pamoja tayari: mkichambua mchele, mkisubiri chakula kiive, baada ya kuoga jioni. Usimwite mtoto kutoka kwenye kombolela aje ajifunze. Ataanza kuchukia sauti yako kabla hajachukia Kiingereza.

Weka pia alama ya kuanza na kumaliza. Mimi hujifunga kanga nyekundu kiunoni. Kanga ikifungwa tunaingia Kiingereza, ikifunguliwa tunarudi Kiswahili, na hakuna anayekosolewa kwa kuongea lugha ya nyumbani kwao. Watoto wanaipenda sheria hii kiasi kwamba nikisahau kufungua kanga wananikumbusha wao.

Hatua ya 2: Mwonyeshe mtoto utajiri alionao

Tandika mkeka, uweke juu yake shati, soksi, sketi, blanketi, glasi, jagi, penseli, rula, kipande cha chaki, kipande cha keki ukiweza. Ongeza picha ya basi na ya baiskeli. Kiokote kimoja kimoja. "Hili ni nini?" Watajibu "shati". Wewe sema taratibu, "shirt". Shika nyingine. "Soksi." "Socks."

Kufikia kitu cha nne hivi mmoja wao atasema "kumbe!" Subiri hilo "kumbe". Mtoto aliyekuja akiamini Kiingereza ni mlima amegundua kwamba anacho mfukoni tangu siku alipoanza kuongea, na kuanzia hapo yeye mwenyewe anawinda: "Ticha, na kabati?" "Ticha, na tiketi?"

Mwalimu wa Kiarabu ana mtaji mkubwa zaidi ya huu. Mtoto wa Kiswahili anakuja na sita, saba, tisa, ishirini, kitabu, habari na mengine chungu nzima. Hata wa Kireno ana meza na bendera pa kuanzia.

Hatua ya 3: Mwili utangulie, mdomo upumzike

Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea. Mzazi anataka kusikia mtoto akiongea Kiingereza siku ya kwanza: "Haya, sema 'good morning'! Sema kwa nguvu!" Mtoto anajikunyata.

Kumbuka mtoto yule yule alivyojifunza Kiswahili. Kabla hajasema neno alikuwa ameambiwa mara maelfu: njoo hapa, shika, lete, usiguse, kaa, fumba macho. Alikuwa anaelewa na kutenda, na hakuna aliyemkemea kwa kutosema. Mwanasaikolojia wa Kimarekani James Asher aliliona hilo, na katika miaka ya 1960 akalitengenezea njia ya kufundishia lugha: mwalimu anatoa amri, mwanafunzi anaitikia kwa mwili wake, na anaachwa aongee atakapokuwa tayari. Mimi nimeijaribu kwa watoto wa mtaani kwangu na sijapata ya kuizidi kwa wiki tatu za mwanzo.

Inakwenda hivi. Simama mbele yao, nao wasimame. Sema "sit down" huku wewe mwenyewe unakaa. "Stand up", unasimama. Rudia mara nne ukifanya nao. Kisha sema bila kufanya, uone nani anakaa. Ongeza "walk", "stop", "turn around", "jump". Siku hiyo imetosha.

Kesho yake rudia hayo, kisha ongeza mwili: "touch your head", "touch your nose", "touch your knee". Ukifika kwenye mikono na miguu, punguza mwendo. Kwetu mkono ni mkono, kuanzia begani hadi kwenye kucha. Kiingereza kinaukata: "arm" ni huku juu, "hand" ni kuanzia kifundo kwenda vidoleni. Mguu nao unakatwa, "leg" na "foot". Na kidole, ambacho sisi tunaongeza tu "cha mguu" tukitaka kutofautisha, kina jina moja mkononi na jingine mguuni, "finger" na "toe". Usilieleze hilo kwa maneno mengi. Chukua uzi mwekundu, umfunge mtoto mmoja kwenye kifundo cha mkono, useme "arm" huku unapapasa juu ya uzi, na "hand" huku unapapasa chini yake. Mfunge na kwenye kifundo cha mguu. Watoto wangu waliofungwa nyuzi hizo hawajawahi kuchanganya, na kuna mmoja aliyekataa kuivua mpaka ikakatika yenyewe.

Wiki ya pili anza kuunganisha: "take the cup", "put the cup on the chair", "put the cup under the chair". Halafu tia vituko. "Put the shoe on your head." Watacheka, watafanya, na hapo utajua kwamba wameelewa kweli, maana hakuna mtoto anayebahatisha kuweka kiatu kichwani.

Wiki ya tatu atakuja mmoja akuambie anataka yeye ndiye atoe amri. Mpe kanga. Huyo ndiye ameanza kuongea, na ameanza kwa kutaka mwenyewe.

Wapo watakaokaa kimya mwezi mzima. Waache. Nilikuwa na mtoto wa darasa la pili ambaye kwa Jumamosi sita hakutoa neno, lakini kila amri aliitekeleza wa kwanza. Jumamosi ya saba kuku aliingia kibarazani, mtoto yule akamnyooshea kidole akasema "Go out! Go out!" mpaka kuku akatoka.

Hatua ya 4: Kufunga mlango wa neno

Kiswahili kina irabu tano, na karibu kila neno letu linaishia na irabu. Kiingereza kina sauti za irabu karibu 20 kwa namna kinavyotamkwa Uingereza, na maneno yake mengi yanaishia na konsonanti, mdomo ukiwa umefungwa. Ndiyo maana "book" ikitoka kwa mtoto wetu inakuwa "buku", na buku mtaani ni noti ya elfu moja.

Mimi huwaambia watoto: maneno ya Kiswahili huacha mlango wazi, ya Kiingereza hufunga. Wanyooshe viganja viwili mbele kama mbao za mlango. Ukisema "cup", viganja vigongane kwenye "p", na mdomo ubaki umefungwa mpaka uhesabu hadi mbili. "Cat", ulimi ubaki umegusa juu. "Book", koo libaki limeziba. Anayeachia "u" mwishoni mlango wake umefunguka na kuku wameingia. Dakika tatu za mchezo huu kila siku zinafanya kazi kubwa.

Kwa irabu tumia pembe za uwanja. Pembe moja chora meli, pembe nyingine chora kondoo. Wewe ukisema "ship" wakimbilie melini, ukisema "sheep" wakimbilie kwa kondoo. Mara ya kwanza nusu yao watapotea, na ni kawaida, kwa sababu masikio yao hayajawahi kutakiwa kutofautisha sauti hizo. Rudia siku nyingi, kisha hamia kwenye kitanda na kitu kibaya, "bed" na "bad". Usiwalazimishe kutamka tofauti ambayo bado hawaisikii. Sikio likishafunguka mdomo hufuata.

Kuna sauti moja ambayo vitabu vingi vinaitisha watu nayo na sisi tunayo bure. Ile "th" ya "think" ndiyo iliyo kwenye thelathini na thamani. Ile ya "this" na "mother" ndiyo iliyo kwenye dhahabu na dhambi. Mtoto akisema "sink" badala ya "think", mrudishe kwanza kwenye thelathini, aiseme vizuri kwa Kiswahili, kisha avuke nayo. Ni Kiarabu ndicho kilichotuachia sauti hizo, na watu wa pwani wanazo tangu utotoni.

Hatua ya 5: Fungua duka

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni duka. Kusanya maboksi matupu ya sabuni, chumvi na majani ya chai, vibiriti, vitunguu viwili, nyanya, trei la mayai lililoisha. Panga juu ya stuli. Kata karatasi ziwe noti. Mwanzoni muuzaji uwe wewe, kwa siku mbili, ili wasikie maneno yanayohitajika kabla hawajatakiwa kuyatoa.

Maneno yenyewe ni machache. Mnunuzi: "Can I have two eggs, please?" Muuzaji: "Here you are." Mnunuzi: "How much is it?" Muuzaji anataja bei, mnunuzi anahesabu noti, "Thank you." Yafundishe kama vipande vizima, usiyachambue. Mtoto hana haja ya kujua "can" ni kitenzi cha aina gani. Anachohitaji ni mayai.

Lipo jambo la adabu hapa. Sisi tunasema "naomba mayai mawili", na heshima yote imo kwenye hilo "naomba". Mtoto akitafsiri kwa kichwa chake atasema "give me two eggs", na kwa masikio ya Mwingereza hiyo ni amri ya bwana kwa mtumwa. "Naomba" yake iko kwenye "can I have" mwanzoni na "please" mwishoni. Kwa hiyo dukani kwangu sheria ni moja: asiyesema "please", muuzaji anashusha kanga na duka linafungwa. Halihitaji maelezo zaidi. Baada ya kufungiwa mara mbili hakuna anayesahau.

Mchezo ukizoeleka, utie ugumu. Mpe mnunuzi orodha ya picha ambayo muuzaji haioni. Mwambie muuzaji afiche bidhaa mbili nyuma ya boksi aseme zimekwisha. Sasa inabidi waulizane kweli: "Have you got salt?" "No, sorry." "Have you got sugar?" Hakuna anayejua jibu kabla ya kuuliza, na hapo ndipo lugha inapokuwa na kazi. Ukiwa na watoto wanane, gawa maduka mawili yenye bei tofauti, waruhusu kuzunguka kutafuta nafuu.

Kisha wafundishe neno moja litakalowasha moto: "too much!" Watoto wetu wamekulia sokoni, wanajua kupatana bei kuliko watoto wengi duniani. Ukiwapa neno hilo na "please, please, five hundred", hutawatoa dukani mpaka mama zao waje kuwaita.

Hatua ya 6: Hadithi moja, usiku minne

Usitafute hadithi mpya kila siku. Chukua ya sungura na fisi ambayo mtoto anaijua kwa Kiswahili, ili asihangaike na kisa na lugha kwa pamoja. Anza kama desturi, "Hadithi, hadithi!" naye aitikie "Hadithi njoo!" kisha funga kanga, endelea kwa Kiingereza chepesi chenye sentensi fupi.

Ndani yake tia kibwagizo kinachorudi. Kwangu sungura husema kila akiponyoka, "Not today, Hyena, not today!" Usiku wa kwanza unakisema wewe. Usiku wa pili unasema "Not today, Hyena..." unanyamaza, wao wanamalizia. Usiku wa tatu unamnyooshea kidole tu sungura wa karatasi na kibarazani kote panalipuka. Usiku wa nne mmoja awe fisi, mmoja sungura, na wewe ukae chini usikilize. Fisi akikosea maneno, usimkatize, kisa kinatembea.

Hatua ya 7: Pale Kiswahili kinapomtega mtoto

Mambo matatu nimeyaona yakirudi kila mwaka, na yote yana sababu ndani ya Kiswahili chetu, wala si uvivu wa mtoto.

La kwanza ni "he" na "she". Sisi tuna "yeye" mmoja. Hata watu wazima wenye shahada huteleza hapa: wanasema "my mother, he is a teacher". Weka kofia na mtandio kwenye kikapu. Mtoto mmoja avae kofia, mwingine mtandio, wengine waseme wanachofanya: "He is eating. She is jumping." Halafu wabadilishane haraka haraka. Jicho linaona kofia, mdomo unajifunza kufuata.

La pili ni wingi. Sikio la mtoto wetu linasikiliza mwanzo wa neno, kiti na viti, mtoto na watoto. Mwisho wa neno halina habari nao, kwa hiyo "s" inadondoka: "two chair". Tumia vifuniko vya soda. Kimoja chini, "cap". Ongeza cha pili, na kila kinapoongezwa watoto wazomee kama nyoka, "capsss". Wazidishe hiyo "s" mpaka iwe kero. Baada ya wiki moja itapungua yenyewe na kukaa mahali pake.

La tatu ni saa, na hili limewakosesha watu wazima mabasi. Saa mbili asubuhi kwetu ni "eight o'clock". Saa tisa alasiri ni "three o'clock". Ukimwambia mtoto "ongeza sita au toa sita" unampa hesabu katikati ya mazungumzo, na atakwama. Tengeneza hivi: chukua sahani ya karatasi, andika namba 1 hadi 12 kama uso wa saa. Chukua kijiti chembamba kinachofika kutoka ukingo hadi ukingo, kitoboe katikati kwa pini, kibandike katikati ya sahani kizunguke. Paka ncha moja rangi nyekundu, nyingine bluu. Nyekundu ni saa ya Kiswahili, bluu ni ya Kiingereza. Weka nyekundu kwenye 2, utaona bluu imelala kwenye 8. Weka nyekundu kwenye 1, bluu iko kwenye 7. Weka kwenye 12, bluu iko kwenye 6. Saa sita mchana ni kinyume chake: nyekundu kwenye 6, bluu kwenye 12. Saa zetu na zao zinatazamana kila wakati kwa kuwa tofauti ni saa sita kamili, nusu ya duara. Mtoto anayemiliki kijiti hicho hahitaji kuhesabu. Hata wakubwa wameniomba niwatengenezee.

Kuhusu makosa

Mtoto akisema "Yesterday I go to market", mjibu kwa furaha: "Oh, you went to the market! What did you buy?" Amesikia umbo sahihi, na mazungumzo hayajakatika. Kosa likirudi wiki nzima, lichukue ulifanyie mchezo siku nyingine. Usimcheke, na usiwaruhusu wakubwa wake wamcheke. Nimeona kaka mmoja wa sekondari akiua mwezi mzima wa kazi kwa kicheko kimoja tu mlangoni. Tangu hapo mkubwa anayepita kibarazani wakati kanga imefungwa lazima naye aingie mchezoni, la sivyo apite mbali.

Simu, kartuni, na mzazi asiyejua Kiingereza

Wazazi wengi huniambia, "Huyu namwekea kartuni za Kiingereza, atajifunza." Zinasaidia kidogo, zikiangaliwa na mtu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wachanga wa miezi tisa wa Kimarekani. Kundi moja lilichezewa na kusomewa kwa Kichina na watu wa kweli kwa vipindi 12. Kundi jingine liliona na kusikia mambo yale yale kwenye video au kwa sauti tupu. Waliochezewa na watu walizitambua sauti za Kichina. Wa video na wa sauti tupu hawakuonyesha faida yoyote. Wale ni wachanga na wetu ni wa miaka sita na kuendelea, lakini ninachokiona kibarazani kinaelekea huko huko. Kwa hiyo ukiweka kartuni, iwe fupi, kaa naye, isimamishe, uliza "Where is the dog?" aonyeshe kwa kidole.

Na kama wewe mzazi Kiingereza chako ni kidogo, usijiweke pembeni. Mwombe mtoto akufundishe alichokipata leo. Kaa chini, akuamrishe "stand up", ukosee kidogo, akurekebishe. Kwangu kuna mtoto anayemfundisha bibi yake kila jioni, na bibi sasa anaomba sukari kwa "can I have sugar, please". Mtoto huyo ndiye anayekimbia kuliko wote.

Kuna pia wanaoniuliza kama mtoto wa miaka kumi amechelewa. Hajachelewa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1978, Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle waliwafuatilia watu waliohamia Uholanzi wakiongea Kiingereza, wakubwa kwa wadogo, na katika miezi ya mwanzo waliokwenda mbio zaidi walikuwa wa miaka 12 hadi 15, si wale wadogo kabisa.

Hatua ya 8: Sasa lete kalamu

Baada ya miezi miwili au mitatu, mtoto akiwa na maneno mia na ushei ambayo anayaelewa na kuyatumia, mwandikie. Anza na yale anayoyasema tu. Mtahadharishe mapema kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa na Kiingereza hakifanyi hivyo, ili akikutana na "knife" asidhani amepungukiwa akili. Bandika karatasi ndogo kwenye vitu vya nyumbani, "door", "cup", "window". Jioni moja zichanganye kwa makusudi, uweke "door" kwenye sufuria, uone nani atazirudisha.

Rekodi sauti yake kwenye simu wiki ya kwanza, na urekodi tena kila mwezi. Usimpe alama. Msikilizishe tu.

Na kutakuja siku ataleta neno lisilo na mwenzake upande wa pili. Atauliza shikamoo kwa Kiingereza ni nini, au pole. Mwezi uliopita niliulizwa, "Ticha, kombolela kwa Kiingereza wanaitaje?" Nikasema hatuna haja ya jina, nieleze unavyochezwa. Akasimama katikati ya kibaraza, akafumba macho kwa viganja: "One child close the eyes. We run. We hide. He look, look, look..." Wenzake walikuwa wameshatawanyika nyuma ya matenki ya maji, na kanga bado ilikuwa kiunoni kwangu.